Mipira mipya ya vioo vya Datsun 240Z: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana anayesoma hapa huenda tayari ana gari linalovuja na masika yanakaribia. Datsun 240Z ni gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mipira ninayoisema ni ile ya kuziba maji kwenye vioo na milango yake. Katika seti hii isiyo ya kiwandani, yaani haikutengenezwa na Datsun wenyewe, mpira wa kioo cha mbele na ule wa kioo cha nyuma ni mizuri na ningeinunua tena. Mpira unaozunguka mlango wa nyuma ni mgumu kupita kiasi. Mipira ya milango ya pembeni inafaa, ila ipo mbadala bora yake. Seti nzima naipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Ukipokea mzigo, fungua siku hiyohiyo. Mipira husafirishwa ikiwa imekunjwa, na ikikaa hivyo mwezi mzima itashika mikunjo. Itandaze kwenye jua la asubuhi hadi ilegee. Halafu kagua kona: mpira wa kioo cha mbele umeungwa kwenye kona, na hapo ndipo seti za bei nafuu hufeli. Ipinde kila kona kwa vidole, tazama kama kiungo kinaachia ufa. Zangu zilikuwa zimeungwa safi, hazikuwa na gundi iliyomwagikia kwenye mfereji wa kioo. Mwisho ulinganishe na mpira wa zamani kwa umbo la mifereji yake, si kwa urefu: mpira uliokaa juani miaka hamsini umeshasinyaa, hauwezi kukupa kipimo cha kuaminika.

Kabla hujang'oa chochote, hakikisha kioo ndicho kinachovuja. Kwenye 240Z maji yanayolowesha zulia la mbele mara nyingi hutoka kwenye chemba ya hewa iliyo chini ya kioo, pale penye matundu karibu na waipa. Mifereji ya chemba hiyo hutoa maji pande zote mbili, nyuma ya madigadi ya mbele, na majani yakijaa humo maji hupanda hadi yakaingia ndani kupitia njia ya hewa. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji ya bomba taratibu bila presha, akianzia chini na kupanda juu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipopenyea. Lipe kila eneo dakika kadhaa kabla ya kusogea.

Kama ni kioo, usikibandue kwa bisibisi. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, na ukikikandamiza ukingoni kitapasuka hata kama ufa hutauona mpaka kesho yake. Vua kwanza utepe wa chuma king'aavu unaopamba mpira, kisha ukate mdomo wa nje wa mpira wa zamani kwa kisu kikali kuzunguka kioo chote. Msaidizi asukume kutoka ndani kwa viganja, kwenye kona za juu, nawe ukipokee nje.

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mpira unashikilia ukingo wa bati, na ukingo huo kwenye kona mbili za chini ndio wa kwanza kuliwa na kutu. Mpira mpya juu ya bati bovu utavuja hata uwe wa kiwandani. Kwangua mpaka chuma kionekane. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Pati ya kujazia mashimo haifai, kwa sababu ukingo ni mwembamba na mpira unaubana pande zote mbili. Paka dawa ya kutu, praima ya epoksi, kisha rangi, nyembamba kadiri inavyowezekana, maana rangi ikijazana mpira hautaingia sawasawa. Iache ikauke kabisa. Rangi mbichi iliyofunikwa na mpira hubaki laini na kubanduka pamoja nao siku ukiutoa.

Kufunga sasa. Vika mpira kwenye kioo juu ya meza yenye blanketi, kisha uingize utepe wa chuma hapohapo mezani. Kwenye gari hili hatua hiyo haiahirishwi: kioo kikishakaa mahali pake, mfereji wa utepe hubanwa, na utaishia kupinda utepe ambao kuupata mwingine ni kazi. Zungusha kamba ya nailoni ya milimita 5 au 6 ndani ya mfereji wa mpira unaovaa ukingo wa bati, ncha zipishane katikati chini kwa sentimita 30 hivi. Mita 5 za kamba zinatosha. Paka mfereji na ukingo wa bati maji ya sabuni ya vyombo, si grisi wala mafuta ya injini.

Kiwekeni kioo watu wawili, kikae katikati kabisa. Aliye ndani avute ncha moja ya kamba kuelekea katikati ya gari, polepole, mdomo wa mpira ukiruka ukingo wa bati. Aliye nje apige kwa kiganja hapohapo kamba inapotokea. Kwenye kona mpira hukataa. Msishindane nao: ongezeni sabuni, pigeni kiganja, vuteni kidogokidogo. Mpira wa seti hii ulipita kona zote bila kuchanika, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuusifu. Kioo cha nyuma hufungwa kwa njia ileile, ila angalia viungio vya waya za kuondoa ukungu, visinaswe chini ya mpira.

Kisha ziba. Inua mdomo wa nje kwa kijiti cha plastiki na upenyeze mastiki ya butili, yaani gundi laini ya kuziba isiyokauka, mstari mwembamba kati ya mpira na kioo, na mwingine kati ya mpira na bati. Ikibinuka nje, futa kwa kitambaa chenye spiriti. Mafundi wengi wa mitaani watakuambia silikoni inatosha. Nawasihi mkatae. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na hula chuma kilicho wazi. Hata isiyonuka ikipakwa juu ya uvujaji hufungia maji ndani, bati likaoza bila kuonekana, na siku ya kupiga rangi upya haitashika pale silikoni ilipogusa. Magari mengi mazuri yameozea hivyo.

Sasa mpira wa mlango wa nyuma, ulioniudhi. Ni mnene na mgumu kiasi kwamba mlango haufungi bila kuubamiza, na ukifunga unabaki umeinuka upande mmoja. Komeo lina nafasi ya kusogezwa: legeza boliti, lipandishe kidogo, acha mpira ubanwe siku chache, kisha ulirudishe chini hatua kwa hatua. Kwangu ulikubali hatimaye. Usiuache bila kuziba ukidhani mvua ndiyo tatizo pekee. Gari likiwa mwendoni, hewa nyuma yake hupungua msukumo, na moshi wa ekzosi huvutwa ndani kupitia mwanya wowote wa mlango huo na wa gasketi za taa za nyuma. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwenye barabara zetu za vumbi dalili huonekana mapema: mistari ya vumbi jekundu kwenye zulia la buti ndiyo ramani ya mianya. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kwa hiyo vumbi na 240Z ni wenyeji wa siku nyingi.

Milango ya pembeni ni rahisi. Banisha kipande cha karatasi kila sentimita 10 na ukivute. Kikitoka bila kukaza, hapo hapazibi. Wenye Z wengi hutumia mpira wa mlango wa Kia Sportage ya kizazi cha kwanza, ambao ni laini zaidi, na mlango hufunga kwa kusukumwa tu. Kama unanunua kipande kimoja kimoja, anza na huo badala ya wa seti.

Kwa utunzaji, paka grisi ya silikoni kidogo kila baada ya miezi michache. Mafuta ya mgando na vitu vya kung'arishia tairi vyenye asili ya petroli viepuke: mpira wa EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, huvimba na kulegea ukikutana navyo, na utavuja upya wakati bado unang'aa.