Kompyuta ya steshenari ilikuwa inajizima, kumbe joto la prosesa: uzoefu wangu na themo pesti ya Arctic MX-4

Habari zenu wadau. Nina steshenari ndogo huku Ng'ong'ona karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na kompyuta ninayotegemea ni moja, desktop ya kuunganishwa yenye prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya Core i5 ya kizazi cha 4. Wanafunzi wakileta tafiti zao kuprinti ndo kula yangu ya siku hiyo, kwahiyo mashine ikizima nimezima na mimi.

Shida ilianza mwezi wa 9. Asubuhi inapiga kazi vizuri tu, ikifika saa sita saba mchana inaanza kuwa nzito, ukifungua PDF ya kurasa 80 inaganda, halafu inajizima ghafla bila onyo lolote, ukiwasha saa hiyo hiyo inakaa dakika tano inazima tena. Nikaipeleka kwa fundi mjini akasema ni virusi, akapiga Windows upya, elfu 20 ikaenda. Siku mbili shwari, ya tatu yaleyale. Fundi wa pili akaniambia prosesa imekufa na mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) inaelekea huko huko, nitafute laki mbili na themanini. Niliumia sana maana hiyo ni kodi ya frem na inabaki kidogo.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa mwaka wa 3 aliyekuja kubaindi ripoti yake. Kasikia feni inavuma akaniuliza, "Dada, hii mashine umeshawahi kuipima joto?" Nikamwambia hapana mdogo wangu, inapimwaje? Akaingiza kiprogramu cha bure kinaitwa Core Temp. Aisee. Mashine imekaa tu haifanyi kitu inasoma nyuzi 74. Tukaagiza kuprinti, ikapanda 90, 95, hadi 99, na spidi ikashuka kutoka gigahezi 3 na kitu mpaka 0.8. Akanieleza kwamba prosesa inajilinda yenyewe, ikikaribia nyuzi 100 inapunguza spidi ili ipoe, joto likizidi kupanda inakata umeme kabisa. Yaani ule uzito na ule kuzima ni ugonjwa mmoja, na prosesa ni nzima, maana iliyokufa isingewaka hata hiyo asubuhi.

Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu. Ndugu zangu, vumbi la Dodoma mnalijua, upepo wa kiangazi unavyolileta na hapa kwangu barabara ni ya udongo mlango uko wazi kutwa. Juu inaonekana feni inazunguka freshi, lakini chini yake, kwenye zile bati bati za hitisinki, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kuipoza, vumbi limeshikana limekuwa kama pamba ya mto, hewa haipiti hata kidogo. Tulisafisha kwa brashi mpya ya rangi na bloa, na hapa nisisitize, ukipuliza shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa kasi ya ule upepo, unaweza kuiharibu.

Tulipoing'oa hitisinki tukakuta mambo mawili. Themo pesti ya kiwandani, ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki kupitisha joto, imekauka inabanduka kama chokaa. La pili ndo lilinikera zaidi: ile hitisinki ya Intel inashikwa na miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja ulikuwa haujaingia, umeegeshwa tu. Kwahiyo upande mmoja hitisinki haigusi prosesa sawasawa. Nani aliifungua akaacha hivyo sijui, ila watu wawili waliishika wakanila hela na hakuna aliyeutazama huo mguu.

Sasa pesti yenyewe. Maduka ya mjini pale karibu na Jamatini nilipata ile nyeupe tu ya kwenye kikopo, kijana akasema inafanya kazi ila kwa joto letu itakauka mapema, tutafute nzuri. Nikaagiza Arctic MX-4 ya gramu 4 kutoka Kariakoo, elfu 18, na elfu 3 ya basi, kesho yake nikaichukua stendi kuu kule Nanenane. Iko kwenye bomba kama la sindano, rangi ya kijivu, na kilichonipa amani ni kwamba haina chembe za chuma, haipitishi umeme, hata ukikosea ikamwagika pembeni haiunguzi mazabodi. Tulifuta ile ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, tukaacha ikauke kabisa, tukaweka tone moja katikati kama punje ya choroko. Usipake nyingi kama siagi kwenye mkate, kazi yake ni kuziba vile vinafasi vidogo kati ya chuma na chuma, ikiwa nene inazuia joto kutoka. Halafu miguu unabonyeza kwa kukingamisha, huu kisha wa pembe ya mshazari, kila mmoja mpaka usikie ta! na uchungulie nyuma ya mazabodi uone yote minne imetokeza.

Tukawasha. Imekaa tu: nyuzi 43. Naprinti mfululizo saa saba mchana, frem ya bati bila siling bodi: 67. Kelele ya feni imepungua mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimenunua mashine mpya. Kijana alikataa hela, nikamwahidi baindi zake zote bure mpaka anamaliza chuo, na nitafanya hivyo kwa moyo mmoja.

Kasoro niliyoiona ni bei kwa bomba dogo vile na kwamba hapa Dodoma mimi niliikosa. Lakini tumetumia kama robo tu, na kampuni yenyewe inasema ikishapakwa inadumu miaka 8.

Mwezi wa 11 wote, joto lile la kabla ya mvua, haijazima hata mara moja. CPU, yaani boksi lenyewe la kompyuta, nimeinyanyua kutoka sakafuni nimeiweka juu ya kistuli, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nafungua ubavu napiga brashi kabla sijafungua duka. Jana imesoma 69 wakati naprinti nakala 40 za mtu mmoja.