Ukurasa Uliochapishwa au Mchoro wa Kuagiza?

Anayeanza kukusanya michoro halisi ya vitabu vya katuni ana njia mbili: kununua ukurasa uliotumika kuchapa kitabu, au kumwagiza mchoraji amchoree mhusika anayempenda. Mchoro wa kuagiza huwa safi, na mada huichagua mwenyewe. Hata hivyo, mimi huupendelea ukurasa, ambao kwa vitabu vya Marekani kwa kawaida ni karatasi nene ya inchi 11 kwa 17, kwa sababu kazi yenyewe bado inaonekana juu yake: mistari ya penseli ya buluu ambayo wino haukuifuata, rangi nyeupe iliyofunika kosa na, katika kurasa za zamani, vipande vya maneno vilivyobandikwa kwa gundi iliyokwisha kugeuka manjano. Aidha, wino mweusi wa kaboni hustahimili mwanga kuliko rangi za kalamu zinazopatikana katika michoro mingi ya kuagiza.