miniSASS kwenye vijito vya Uluguru: bei nafuu, ngazi za Afrika Kusini

Kwa kikundi cha watumia maji au klabu ya mazingira ya shule inayotaka kujua shamba au sehemu ya kufulia inakifanya nini kijito cha mlimani, miniSASS ni kipimo kinachostahili kujaribiwa. Hakina maabara wala kemikali. Unakusanya wanyama wadogo wa majini, unawapanga katika makundi 13, unajumlisha alama za makundi uliyoyapata na kugawa kwa idadi yake. Kimetokana na SASS5, mfumo wa Afrika Kusini wa kupima afya ya mito kwa wanyama hao, na asili hiyo ndiyo inayoleta utata kikifika huku.

Vifaa ni wavu wa matundu ya milimita 1 hivi, chombo cheupe (kopo la aiskrimu linatosha), lenzi, penseli na fomu. Wavu unaweza kushonwa nyumbani, ila usitumie chandarua chenye dawa: dawa yake ni ya jamii ileile ya pairethroidi inayopuliziwa mboga, na huwadhuru vibaya mno wadudu wa majini. Pazia la neti linafaa zaidi.

Weka wavu upande maji yanakoelekea, mdomo ukielekea yanakotoka, kisha vuruga mawe kwa mguu. Jumla ni kama dakika 5, lakini zigawe: mawe ya maji ya kasi, changarawe, na mimea ya ukingoni. Wengi huishia kwenye mawe, halafu wanashangaa kukosa uduvi na kereng'ende. Usipime mara baada ya mvua kubwa. Mafuriko huzoa wadudu hata kwenye kijito chenye afya.

Alama zinafuata uvumilivu wa mnyama. Plekoptera, lava wa mikia miwili anayetaka maji baridi yenye oksijeni nyingi, ana 17. Efemeroptera, lava wenye matamvua ubavuni, wana 11 wakiwa wale wanaong'ang'ania mawe, wale waogeleaji wadogo 5. Trikoptera, lava wanaofanana na viwavi, ambao baadhi yao hujijengea kifuko cha mchanga au vijiti, wana 9. Kaa na uduvi 6, kereng'ende wanene 6, kunguni wa maji na mbawakawa 5, konokono 4. Minyoo, miruba na lava wa nzi, usubi akiwemo, wana 2 kila kundi.

Mantiki hii inaonekana vizuri kwenye miteremko ya mboga ya Uluguru kama Mgeta. Udongo unaoporomoka kutoka mashambani huziba nafasi kati ya mawe, na matamvua ya efemeroptera hufunikwa na tope. Miti ya ukingoni ikikatwa, maji hupata joto na oksijeni hupungua. Kisha hubaki lava wekundu wembamba, ambao wana himoglobini na huishi palipo na hewa kidogo. Mita 60 za kingo zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinakusudiwa kuzuia mambo kama haya.

Tatizo ni hesabu. Chukua kijito chenye efemeroptera wa aina zote mbili, trikoptera, kaa, kereng'ende, mbawakawa na usubi: 44 kugawa kwa 7 ni 6.3, yaani ngazi ya hali nzuri kwa mto wa mawe. Akiongezeka plekoptera mmoja tu, inakuwa 61 kugawa kwa 8, sawa na 7.6, na kijito kinapanda hadi ngazi ya asilia, ambayo huanzia juu ya 7.2. Idadi haihesabiwi, kwa hiyo mmoja aliyesombwa na maji kutoka msituni ana uzito sawa na mia wanaoishi hapo. Isitoshe, plekoptera wa Afrika Mashariki ni wa aina chache, karibu wote jenasi ya Neoperla. Kuwakosa si ushahidi wa uchafuzi.

Kwa hiyo ziache ngazi hizo za Afrika Kusini, linganisha. Pima juu na chini ya shamba siku ileile, kwenye mawe ya ukubwa ule ule na mwinuko unaokaribiana, ukianza na sehemu ya chini ili usilete tope kwenye sampuli inayofuata. Hata tofauti ikiwa kubwa, kipimo hakisemi kama chanzo ni sabuni, udongo au dawa. Kwa hilo, na kwa taarifa ya kupeleka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, tafuta mtaalamu wa TARISS, mfumo uliorekebishwa kwa mito ya Tanzania na unaotambua wanyama hadi ngazi ya familia, ukiambatana na vipimo vya maabara.