Michelin na Goodyear: Njia Mbili za Kukuza Kampuni ya Matairi

Michelin ilianzishwa mwaka 1889 mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa, na ndugu wawili, André na Édouard Michelin. Goodyear ilianzishwa na Frank Seiberling mwaka 1898 mjini Akron, Ohio, ikapewa jina la Charles Goodyear, mgunduzi wa njia ya kuimarisha mpira kwa salfa na joto, ambaye alikuwa amefariki tangu mwaka 1860 na hakuhusika nayo kamwe.

Goodyear ilikua kwa wingi wa uzalishaji, kwa kuwa viwanda vya magari vya Marekani vilihitaji matairi bila kikomo. Michelin ilitegemea zaidi ubunifu: mwaka 1891 Charles Terront alishinda mbio za baiskeli za Paris–Brest–Paris akitumia tairi la upepo la Michelin lililoweza kuvuliwa kwa urahisi.

Kwa maoni yangu, tofauti iliyo nzito kuliko zote ni tairi la radiali, ambalo Michelin ililiombea hataza mwaka 1946 na kuanza kuliuza mwaka 1949. Nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, chini ya mkanda wa chuma, hivyo halipati joto jingi na hudumu kuliko tairi la nyuzi za mshazari. Goodyear ilichelewa, mwaka 1967 bado ilikuwa ikileta sokoni tairi la mshazari lililoongezewa mkanda, uamuzi unaoeleweka, kwani radiali ilidai mitambo mipya ya gharama kubwa, ambayo hatimaye iliilazimu kuinunua.