Nililipa shilingi 950 kwa ua la uani kwetu

Nianze na hesabu, maana mimi ni fundi cherehani na kitambaa sikikati kabla ya kupima. Chupa ya kioo yenye maua makavu, lebo inasema gramu 40: shilingi 950. Kichupa cha matone, mililita 30: shilingi 1,400. Jumla 2,350. Hizo ni sare tatu za shule nilizokesha nazo, pamoja na kutoboa matundu ya vifungo. Risiti ninayo.

Duka silitaji jina. Liko Kisumu, upande wa watu wenye mageti, lina kiyoyozi na linanukia mchaichai. Ukiingia unaitwa "madam" na unaletewa maji yenye kipande cha limau. Kwa mapokezi sina neno.

Ua lenyewe, kama hujalijua kwa jina, unalijua kwa macho. Panda matatu ya kwenda Kakamega mwezi wa Novemba. Ukishapita Kiboswa, kushoto na kulia ni njano tupu, vichaka vimempita mtu kimo, majani yamepasuka kama kiganja chenye vidole vitatu au vitano, nyuki wamejaa. Kwetu Maragoli, kaunti ya Vihiga, tunayaita amalulu. Wajaluo wanayaita maua makech. Yote maana yake ni machungu. Wataalamu wanauita mmea huo Tithonia diversifolia. Ni ndugu wa alizeti, na kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Uliletwa huku kuwa pambo, ukajipanda, ukaota kila kando ya barabara, na watu wakaufanya ua wa boma. Ndiyo, ua wa ua. Kiswahili kilishatania kabla yangu.

Sasa, kwa nini mtu aliyekulia ndani ya boma la amalulu aende kuyanunua dukani?

Baba alifariki Agosti. Tulipomaliza matanga nikarudi mashineni, na mwili ukakataa. Kiungulia, tumbo limejaa kama ngoma, na usiku saa tisa macho yako wazi yanatazama mabati. Zahanati walinipima, wakanipa dawa ya kupunguza asidi, na yule daktari kijana akaniuliza kama nimefiwa. Akaniambia nirudi tuongee. Sikurudi, na hilo ni kosa langu, si la zahanati. Badala yake nikamsikiliza mteja niliyemshonea kitenge, aliyeniambia kuna duka linauza ua la mwili na moyo.

Lebo ya chupa kubwa inasema hutibu malaria, kisukari, presha, ini, figo na vidonda vya tumbo. Ya kichupa inasema: "Hutuliza moyo. Huondoa huzuni, hofu na hasira." Nikamuuliza binti wa duka, nanywa kiasi gani? Kijiko kimoja, kutwa mara tatu. Kwa siku ngapi? "Mpaka uhisi mabadiliko, madam." Nikageuza chupa pande zote. Tarehe ya kufungwa hakuna. Namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu hakuna. Nikalipa hivyo hivyo. Mfiwa hahoji sana.

Nyumbani niliazima mizani ya jirani anayeoka keki. Gramu 31. Tukapima tena, 31. Nikamwaga yote juu ya kitambaa cheupe cha tetroni mezani pangu nikayatenga kwa pini, kama ninavyotenga shanga. Petali kweli zilikuwamo, zimesinyaa, rangi ya chai ya rangi. Lakini theluthi nzima ilikuwa majani yaliyosagika, vijiti vya shina, na unyasi mmoja mrefu kama kidole changu ambao si jamaa wa ua lolote. Lebo inasema "maua pekee". Ua bichi la amalulu ukiliweka puani lina harufu ya asali kwa mbali. Haya yalinuka kabati lililofungwa masika nzima.

Nikapika. Mtu wa Vihiga anajua uchungu wa amalulu: unakamata nyuma ya ulimi, unashuka, halafu unarudi. Chai hii ilikuja na uchungu mdogo kama wa mtu anayeomba radhi. Nilikunywa siku nne. Tumbo halikusema ndiyo wala hapana.

Matone niliyapeleka nyumbani wikendi, nikitaka kumgawia Mama, maana mume ni wake kabla hajawa baba yangu. Mama ni wa Frenzi, wa kanisa lililofika Kaimosi mwaka 1902 na ambalo halitaki pombe hata ya kunawia. Akakifungua, akanusa, akanitazama.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Dawa ya ua, Mama. Ya uchungu wa moyo."

"Hii ni brandi."

Nikavaa miwani. Kweli, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa: maji ya ua, brandi. Baadaye nilisoma na nikaelewa walikoitoa. Miaka ya 1930 daktari Mwingereza, Edward Bach, alitengeneza matone 38 ya namna hiyo: unaacha maua yaelee majini, unaweka bakuli juani saa kadhaa, unayachuja, unachanganya na brandi yasioze. Kila tone na huzuni yake, jingine la woga, jingine la kukata tamaa. Amalulu hayamo katika zile 38, hii ni nyongeza ya dukani. Na hata zile zake, walipozilinganisha na matone yasiyo na kitu, watu walipata nafuu sawasawa. Mama hakuhitaji utafiti. Alimwaga kwenye mgomba, akasukutua kichupa mara tatu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Dawa ya uchungu, kisha iwe tamu?"

Hapo nikaona nitafute mtu anayejua. Katika soko la Kibuye, upande wa miti shamba, kuna mama mzee wa Kijaluo ambaye wateja wote wanamwita Dani. Hana bango. Ana gunia, kikapu, na kopo la bati lenye mizizi. Nikamwambia nataka maua makech.

Hakugusa kikapu. Aliuliza kwanza. Nani anakunywa? Mimi. Una mimba? Sina. Unanyonyesha? Hapana. Unameza nini cha hospitali? Nikamtajia. Na nyumbani kuna mwingine atakayekunywa? Nikasema mama yangu, ana sukari, anameza metformini.

"Huyo usimpe, nyathina," yaani mwanangu. " Haya yanashusha sukari, na ile dawa inashusha sukari. Mtaenda kumwokota chini."

Nilipofika nyumbani niliangalia kama ametunga. Hajatunga: wanyama wa maabara wenye kisukari waliopewa dondoo ya mmea huu sukari yao ilishuka. Na kuna lingine ambalo Dani alilisema kwa njia yake, kwamba makech yakizidi "yanakula ndani". Panya waliopewa kwa wingi na kwa siku nyingi walidhurika figo na ini. Kumbuka lebo ya duka: hutibu ini na figo, kunywa mpaka uhisi mabadiliko. Mabadiliko utayahisi.

Kipimo cha Dani ni hiki, nami nakieleza kama alivyoniambia, si kama daktari: jani lililokomaa, si ua, kwa sababu ukali umo kwenye jani. Majani matatu kwa nusu kikombe cha maji ya moto, usichemshe, funika. Jioni tu. Siku tatu, uache. Kama tumbo bado, basi si kazi ya jani, rudi hospitali. Na homa? Akacheka. Homa ya Kisumu ni ya kupimwa kwanza. Mimi naongeza yangu: najua kuwa AL, dawa ya malaria tunayomeza, sehemu yake moja chimbuko lake ni mmea, Artemisia annua, tena wa ukoo mmoja na amalulu. Lakini ile ilichujwa, ikapimwa, ikajulikana ni miligramu ngapi za kumtosha mtoto na ngapi za mtu mzima. Jani la barabarani halina kipimo hicho, na mtoto mwenye malaria hangoji siku tatu.

Mwishowe nikasema haya, nipimie. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Vihiga. Akarudisha mkono kwenye paja.

"Vihiga mmekosa maua?"

Kwa watu wa mjini anauza fungu kwa hamsini. Mimi alikataa kuniuzia. Nikamwachia ile hamsini ya maneno, akanipa tangawizi juu yake ili asionekane amekula bure.

Jumamosi iliyofuata niliyachuma kwetu, upande wa shamba la Baba. Hapo lazima nieleze kidogo, nivumilieni. Miaka ya tisini watafiti waliokuwa Maseno walizunguka vijijini wakiwaonyesha wakulima kwamba majani haya ni mbolea: yana naitrojeni na potasiamu nyingi, ukiyakatakata ukayafukia mashimoni kabla ya kupanda, mahindi yanapata nguvu bila mfuko wa dukani. Wengi walijaribu wakachoka, maana kazi yake ni kuvunja mgongo. Baba hakuchoka. Kila Februari alikaa juu ya gogo na panga, akiyakata kama sukuma wiki, viganja vimekuwa vya kijani kibichi. Akipumzika anamenya kiazi kitamu kwa mikono hiyo hiyo na kutugawia. Kiazi kikawa kichungu nje, kitamu ndani. Tulilalamika kila mwaka na tulikula kila mwaka.

Nilikunywa jioni tatu kama Dani alivyosema. Kuhusu tumbo: siku ya pili gesi ilitoka, choo kikafunguka, siku ya tatu nilisikia njaa ya kweli ambayo sikuwa nimeisikia tangu matanga. Kiungulia hakikuondoka, kilipungua, na ile dawa ya zahanati nilikuwa bado naimeza, kwa hiyo sifa wagawane. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Kuhusu moyo. Jumatatu asubuhi nilichuma majani machache ya kuwekea kuku wa jirani, nikaosha mikono, nikakaa mashineni. Kola ya shati la shule, uzi mweupe. Uzi ukakataa kuingia tunduni, nikaulamba ncha kama ninavyofanya mara hamsini kwa siku, nikausokota kwa vidole. Uchungu ukanikamata nyuma ya ulimi. Ilikuwa ladha ya ganda la kiazi kile. Nikaweka mguu chini, mashine ikasimama, nikalia juu ya kola ya mtoto wa watu mpaka ikabidi niipige pasi upya. Usiku huo nililala hadi saa kumi na mbili. Sijui kama hicho ndicho lebo ilichomaanisha.

Nilirudi dukani na risiti, mizani ya jirani nimeibeba kwenye mfuko. Binti alipima, akaona 31 zake mwenyewe, zikiwa na unyasi wake. (Ile niliyokunywa nilikuwa nimeipima na kuiandika, tukaijumlisha, na nilimwonyesha karatasi.) Akasema bidhaa ikishafunguliwa pesa hairudi. Nikapandisha sauti kidogo, si sana. Akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa, akaniambia kuna matone mahususi ya hasira, yako rafu ya juu, shilingi 1,400 vilevile.

Duka nalipa nyota moja, na hiyo nyota ni ya chupa. Kioo kizito, kifuniko kinakaza, vifungo vya sare vya wiki nzima vinaenea humo na naviona vyote bila kumwaga. Kichupa cha matone Mama ametia mafuta ya mashine akanirudishia.

Kwa Dani, ukiwa mtu wa mjini usiye na boma: nenda asubuhi kabla jua halijapiga maturubai, beba hamsini ya noti au ya sarafu kwa sababu simu yake ni ya kuongea tu, na uandike kwenye karatasi kila dawa unayomeza. Ataiuliza kabla hajagusa kikapu, na ukisema hukumbuki, hauzi.