Rivolva inapiga chini kushoto: mwenye kosa ni nani?

Haya, haya, karibuni tena wadau. Hizo kelele ni mvua juu ya bati, hapa Ngaramtoni ikianza haiombi ruhusa. Maikrofoni niliyowaahidi mwezi uliopita bado haijafika, msinidai, na mimi namdai aliyeniuzia. Tuvumiliane.

Kabla ya lolote, tazama. Silinda nje. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Napitisha kidole kila tundu, hamna kitu. Risasi zimefungiwa chumba kingine, hapa mezani haipo hata moja. Mtakaoniuliza kwenye maoni "mjomba mbona unaelekeza mtutu ukutani", nyuma ya ukuta ule kuna tuta la udongo, na silaha ni tupu, na bado siielekezi kwa mtu. Tumeelewana.

Hii ndiyo ile rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka. Sifa zake sizisomi, mnazijua: .38, ndio ukubwa wa risasi yake, tundu 6, mtutu wa inchi 4, chuma kitupu. Kiwanda sikitaji, maana maneno ya mwanzo hayatakuwa mazuri. Nina hasira nayo miezi miwili sasa.

Mpwa wangu, sogeza simu. Sogea, sogea, usiogope. Hapo hapo. Mnaona hiki kijino cha kulengea, juu ya mtutu huku mbele? Chembamba kama ukucha, tena kinang'aa. Sasa njoo nyuma. Mnaona mahali pa kulengea? Hamuoni, kwa sababu hakuna kitu kilichofungwa hapo. Ni mfereji tu uliochongwa kwenye mgongo wa silaha. Unaweka kijino katikati ya mfereji, kichwa chake kikae sawa na kingo, unalenga, umemaliza. Na kama risasi haziendi unakolenga? Hakuna skrubu. Bastola za skrubu unachukua bisibisi ndogo, unageuza kidogo, unaendelea na maisha. Hii utageuza nini? Utaiombea?

Basi mimi nililenga katikati ya karatasi, mita 15, risasi zikaanguka chini kushoto. Nikarudia, chini kushoto. Nikaitukana. Nikaanza kulenga juu kulia ili ziingie katikati, kama dereva wa kifodi ambacho usukani umepinda, anakata kulia ili aende mbele. Msicheke, mmewapanda hao, mnawajua.

Halafu kuna jamaa ana chaneli, simtaji, alionyesha eti unagonga kijino kwa nyundo kidogo kidogo mpaka kikae. Ndugu zangu! Kile ni chuma kilichochongwa pamoja na mtutu. Ukikigonga, kinapinda au kinakatika, na kikikatika una rungu la bei mbaya. Watu elfu kadhaa wametazama ile video. Hainiumi, lakini inaniuma.

Dawa niliipata kwa mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu, tulikutana uwanjani kwenye shabaha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Hiyo silaha ina nini?" Nikamwambia, "Inavuta kushoto, mzee." Akanitazama, akasema, "Silaha haivuti, mwanangu. Lete."

Akakaa. Akaweka mfuko wa mchanga, akalaza viganja vyake juu yake. Sikilizeni hapo: alilaza mikono, mtutu haukugusa mfuko. Mtutu ukiulaza kwenye kitu kigumu, silaha inaruka tofauti na inavyoruka mkononi, kipimo chote kinaharibika. Akapiga sita, taratibu, kama anayehesabu hela za mtu mwingine. Tukaenda kwenye karatasi. Zote sita unazifunika kwa kiganja. Ziko chini, sentimita 10 hivi. Lakini kushoto hakuna hata moja.

Yaani nusu ya matusi yangu ilikuwa ya kwangu.

Hiki ndicho nilichokuwa nafanya. Mpwa, lete ile sarafu ya 200. Naweka hapa juu, nyuma kidogo ya kijino, inasimama yenyewe. Silinda nimejaza risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti, tazama rangi yake, ili nyundo ya silaha isipige hewa. Sasa navuta kichochezi kama nilivyozoea. Tazama sarafu. Umeona? Imeanguka. Tena iliangukia wapi? Kushoto. Mimi natumia mkono wa kulia, nikikurupuka na kichochezi, kiganja kizima kinakaza, mtutu unainama chini na kushoto kabla risasi haijatoka. Sasa ngoja nivute polepole, kidole tu, kiganja kimetulia... taratibu... imelia, sarafu ipo. Nilifanya hivi kila jioni wiki tatu. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza kucheza kamari.

Kwa hiyo usishike tupa ukate kijino kabla hujampa mtu anayejua kupiga akupigie. Akipiga yeye zikakaa kati na zako zinakimbia, tupa ikatie majembe.

Tubaki na hilo la chini, hilo ni la silaha kweli. Hapa ndipo hasira zangu zilipoanza kugeuka, kwa sababu mzee alinionyesha kitu nikashindwa kulala. Ona huu ufito wa kusafishia. Nimeuzungushia utepe ukae vizuri ndani ya mtutu, unachungulia nje kama inchi 6. Sasa mpwa, simama nyuma yangu, simu iwe usawa wa jicho langu. Naweka kijino katikati ya mfereji, nalenga ile picha ya kalenda ukutani. Sasa angalia ufito unaelekea wapi. Wapi?

"Chini ya kalenda, mjomba."

Chini! Nalenga kalenda, mtutu unaelekea chini ya kalenda. Mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Sivyo, zimetengenezwa hivyo makusudi. Ukivuta kichochezi, silaha inaanza kunyanyuka wakati risasi bado iko ndani ya mtutu. Kwa hiyo fundi wa kiwandani ameuelekeza mtutu chini, ili ukinyanyuka, risasi itoke ikiwa usawa wa jicho lako. Kijino kirefu ndicho kinachofanya kazi hiyo. Mimi niliyekuwa nasema hakikutengenezwa na mtu mwenye akili, nameza maneno yangu. Siyo yote.

Sasa fikiria. Risasi nzito inatembea polepole, inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo, mtutu unapata nafasi ya kunyanyuka zaidi, inapiga juu. Risasi nyepesi inatoka haraka, mtutu haujanyanyuka, inapiga chini. Kinyume kabisa na unavyodhania, maana sote tunadhani kitu kizito ndicho kinachoanguka. Kwa umbali wa mita 15 wala 25, kuanguka kwake ni kitu kidogo, mwenye kesi ni teke la silaha, huko kunyanyuka.

Na mimi nilikuwa natumia nini? Greni 125, greni ni kipimo cha uzito wa risasi. Nilizikuta dukani, nikachukua. Rivolva nyingi za .38 zisizo na skrubu ya kurekebisha shabaha zimepimwa kiwandani kwa greni 158, ndio uzito wa siku zote wa risasi hii, kama gramu 10. Mzee ana Smith & Wesson ya zamani, rivolva ya Kimarekani, ile familia iliyoanza mwaka 1899 ambayo kuanzia 1957 ikaitwa Model 10, hajawahi kulisha kitu kingine, na hana habari na skrubu. Nikatafuta boksi la 158. Bei yake sisemi, mwenye nyumba anatazama chaneli hii. Nikapiga kwa mfuko wa mchanga, zikapanda. Kutoka sentimita 10 chini mpaka 5. Nusu ya ugonjwa imeisha na sijagusa chuma.

Sentimita 5 zilizobaki ndizo za tupa. Sheria shikeni hii: kijino kikishuka, risasi inapanda. Ukikikata, inabidi uunyanyue mtutu ili kijino kifike tena usawa wa mfereji, basi risasi inaenda juu. Sasa kama silaha yako inapiga juu, halafu ukakata kijino, umeiharibu zaidi. Hapo jaribu risasi nyepesi, au fundi aongeze chuma. Kukata ni rahisi, kurudisha ni kulehemu.

Unakata kiasi gani? Chukua kalamu, hesabu ya darasa la saba. Kutoka mfereji wa nyuma mpaka kijino, kwenye hii yangu, ni milimita 140. Umbali wa karatasi, mita 15, ni milimita 15,000. Kosa ni milimita 50. Zidisha 50 kwa 140, gawanya kwa 15,000. Unapata 0.47. Nusu milimita, hata haijafika! Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi miezi miwili, unene wa kadi chache za vocha.

Sikukata mimi. Nilimpelekea fundi wa silaha mwenye leseni, na kibali changu mkononi, kwa sababu silaha hapa nchini siyo baiskeli, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mimi nataka kulala kwangu. Akaibana kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao isikwaruzike, akapima na vernia, kile kipimo cha unene, tupa laini, mikono miwili, anasukuma mbele tu harudishi. Akakata 0.2, akasimama. Nikamwambia malizia, akanijibu, "Nenda kapige kwanza, mzee wangu." Ndivyo inavyotakiwa, nusu ya hesabu kwanza, halafu karatasi iseme. Safari tatu nimefanya, mafuta ya pikipiki yamezidi ujira wake.

Na ingekuwa ya kushoto kweli? Hapo kuna njia ya kupanua ukingo mmoja wa mfereji, upande ule unaotaka risasi iende, na njia ya kuuzungusha mtutu kidogo kwenye uzi wake wa skrubu, pale ulipofungwa kwenye mwili wa silaha. Hiyo ya pili usiguse. Haifanyiki bila vifaa vyake, na mwili wa silaha hupasuka. Ulizeni kwenye maoni nikimpata fundi nitamhoji, akikubali kuonyesha mikono tu.

Kitu cha mwisho, kile kung'aa. Mzee anatumia kibatari, anakipitisha kijino juu ya moshi kinapata masizi, kinakuwa cheusi tii, jua la saa saba halikisumbui. Nilijaribu, masizi yanafutika kwenye kifuko cha silaha. Sasa hivi nimepaka rangi ya kucha, nyeusi, ya mke wangu, na pale kilipokatwa chuma hakishiki kutu. Kichupa alikitafuta siku mbili. Sasa anajua kiko wapi.

Je, ninunue tena hii? Hmm. Wiki iliyopita ningekwambia chukua ya skrubu, weka hela, uishi kwa amani. Leo... ile ya skrubu ya rafiki yangu ililegea njia ya kwenda Longido, vumbi na makorongo, tukatafuta skrubu yenyewe kwenye mchanga, hatukuiona. Hii yangu imeanguka kwenye tope mara mbili masika hii. Bado naichukia kwa kijino chembamba, ndiyo, wangekiongezea unene. Lakini ona karatasi ya jana, mpwa ilete karibu. Sita hizo, mita 15. Ile moja ya pembeni ni ya kwangu, nilipiga chafya.

Naenda kuifungia kwenye sefu, na kuku wanalia huko nyuma. Bonyeza kengele, ile maikrofoni ikifika mtaisikia.