Saa nne asubuhi imenikosesha dola sita

Nilikuwa nishaipa hii app ya vikazi nyota nne, nimerudi kuzifuta. Nimeweka moja kwa vile sifuri haipo.

Kazi yenyewe kutafsiri sentensi fupi fupi za Kiswahili kwenda Kiingereza, senti nane za dola kila moja. Nikachukua fungu la sentensi 80, nikakesha nalo mtoto amelala ubavuni, bando langu mwenyewe, stima yangu mwenyewe. Asubuhi nafungua, fungu zima limekataliwa! Kisa sentensi moja tu, "mkutano utaanza saa nne asubuhi". Mimi nimeandika 10 am. Mkaguzi ananiambia nne ni 4, ilitakiwa 4 am, "soma maelekezo vizuri". Ati? Saa kumi ya alfajiri mkutano gani huo, wa kula daku? Mimi mtoto wa Mombasa, nyanya yangu mpaka leo saa anazihesabu tangu jua kuchomoza, halafu mtu hata jina lake silioni anifundishe saa ya Kiswahili.

Nikakata rufaa. Jibu likaingia hata kidole sijakiinua kwenye simu, "asante kwa mchango wako wa thamani", roboti huyo. Nikaandika tena, roboti yule yule. Mara ya tatu wakafunga tikiti, yaani lalamiko langu, na alama zangu zikashuka toka 97 hadi 81, kwa hivyo kazi za tafsiri sizioni tena kabisa. Na msiniambie ni dola sita na ushee tu, hizo ni tokeni za stima za kwangu. Halafu zile tafsiri zingine 79 wamezirudisha? Wapi, wamebaki nazo.

Haya, kulipa wanalipa, nisiwazulie. Juzi juzi nilitoa dola 12, PayPal mpaka M-Pesa, haikufika magharibi ilikuwa ishaingia. Na zile kazi za kuchora visanduku kwenye picha za barabarani, magari, baiskeli, watu wanaovuka, sijakataliwa hata moja, gari ni gari halina lugha. Kwa hivyo ukitaka ingia, ila visanduku tu, tafsiri usiiguse. Basi nyota mbili, hata tatu labda...

Nimepanda juu nikasoma tena pale "soma maelekezo vizuri". Ibaki hiyo moja.